Bundi Aliyekataa Kutoka

Nyumba za Wafanyakazi,
Kiwanda cha Mbao.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Hujambo? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Na goti lako je, limepona au bado linakupandisha ngazi kama bibi kizee? Sisi huku wazima, ila mimi moyo ndio mgonjwa. Usinicheke.

Nyuma ya karakana ninamonolea misumeno ulisalia mti mmoja mkubwa wa msitu wa zamani. Shimoni mwake aliishi bundi na mumewe. Si wale wenye vipembe vya manyoya, la! Huyu kichwa chake mviringo, macho meusi tii, kifua cha kahawia chenye mistari myeupe. Kiota hajui kujenga, mvivu kama mimi. Hutaga humo humo juu ya mti uliooza. Miti michanga tuliyopanda haina mashimo, kwa hiyo hana pengine pa kwenda.

Wakataji wetu wana desturi yao. Kabla ya kuangusha mti huugonga kwa shoka, kilichomo kitoke. Kisipotoka, basi mti mtupu. Nikamwambia mnyapara bundi mwenye kinda hatoki. Ukigonga ndiyo kwanza anazidi kumlalia. Akacheka: "Kinoo, wewe noa. Sisi tumeshagonga." Ningefanya nini, dada? Mnyonge hana haki. Na msumeno wenyewe niliunoa mimi, ukakata vizuri mno.

Mti ulipoanguka, mama bundi tulimkuta amekufa, mabawa kayafunua juu ya mwanawe. Kinda nikamleta nyumbani ndani ya sanduku la misumari. Wifi yako alipiga kelele, eti nimemletea uchuro! Baadaye ni yeye aliyekuwa akimkatia nyama vipande vidogo vidogo. Kinda hakutaka. Alifumba macho tu.

Baba mtu huja kila jioni na panya mdomoni. Nikamweka kinda kikapuni juu ya kisiki, amwone. Wapi! Haangalii chini. Anapanda juu kule shimo lilikokuwa, anapigapiga mabawa hewani, anazunguka, kisha anaondoka na panya wake.

Leo asubuhi kinda amekufa, tumemzika. Jioni baba yake atakuja tena na chakula, nami sijui nitamwambiaje.

Nisalimie shemeji, na kitindamimba wako mbusu kwa niaba yangu. Wifi yako anakusalimu sana. Mungu awaweke pamoja nyote chini ya paa lenu.

Nduguyo akupendaye daima,
Kinoo