Safu ya Msimamo

Rahaleo, Mtwara

Dada Subira,

Shikamoo. Huku wazima, ila mama goti linamsumbua. Usishangae fundi wa programu kukuandikia kwenye karatasi. Simu siku hizi siziamini. Nimempa Luisa akukabidhi mwenyewe mkononi.

Natengeneza orodha ya wakulima wa korosho watakaogawiwa salfa ya kupulizia mikorosho. Juzi bwana aliyenipa kazi akataka niongeze safu moja: "Msimamo". Nikamuuliza, msimamo wa nini? Akacheka tu. Jana kaniletea majina, safu hiyo ikiwa imeshajazwa. Kwenye lako wameandika: "Anasema hapigi kura tena."

Dada, maneno hayo uliyasema mara moja tu, siku ya arobaini ya baba, wageni walipokwisha kuondoka. Ndani tulibaki wanne: wewe, mama, mimi na shemeji Asadi. Mama hata simu hana. Nimeyafuta kwenye orodha ili usikose salfa, lakini aliyeyapeleka siwezi kumfuta.

Ukimaliza kusoma, ichome jikoni. Wasalimie watoto. Watoto tu.

Mdogo wako,
Alawi