Kulwa Kwanza

Jumanne, likizo ya Juni

Sitoki nao tena. Nasema hivyo kila siku, halafu kesho yake wanaanza kugombana ndani, natoka nao.

Leo nimewapeleka Kakese kwa bibi yao, mama mkwe wangu. Kwenye bajaji mapacha wangu waligombania upande wa kukaa mpaka dereva akasimama. "Mimi ndiye Kulwa, nilitangulia kuzaliwa!" Doto akamng'ata.

Kufika, bibi akaepua viazi. Nikachukua kikubwa nimpe Doto, angalau leo aanze yeye. Bibi akanishika mkono. "Mama Kulwa, Kulwa kwanza, ndipo Doto. Usigeuze mambo." Nikakirudisha kwenye sufuria kama mtoto aliyekamatwa anadokoa. Doto hakula kabisa.

Baba yao ananiambia kwenye simu eti wakikua wataacha. Yeye yuko kazini, hawasikii wakigombana. Mimi naogopa watazeeka hivihivi, na sijui hata...

Jioni nilipokuwa namwogesha Doto akaniuliza taratibu, bila hata kulia: "Mama, wewe watu wote wanakuita Mama Kulwa. Mama Doto ni nani?"

Nikammwagia maji kichwani, asinione usoni.