Mwani Haukunjwi

Jumatatu, 4 Machi

Leo hasira imenifanya nishindwe kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mimi, fundi wa miaka yote hii! Zipu ya mteja nimeishona upande usio wake.

Mama Tae-gyeom ndiye sababu. Mkwe mwenzangu, mama wa mume wa mwanangu. Kaja kibandani kwangu sokoni na koti lake la kijani, kaketi kwenye kiti cha wateja, kasema kwa sauti tamu kama anayealika watu harusini: tarehe imepatikana. Tarehe ya nini? Ya mjukuu wetu! Kumbe kaenda kwa mpiga ramli wa nyuma ya stesheni, kapeleka siku za kuzaliwa za baba na mama, kapewa jibu. Eun-sol wangu apasuliwe Jumanne ya tarehe kumi na tisa, saa ya joka — yaani kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi. Mtoto akitolewa hapo, atakuwa jaji. Au daktari, ikishindikana sana.

Nikamuuliza, mkwe wangu, Eun-sol ana ugonjwa? Hana. Mtoto kakaa vibaya? La, kichwa kiko chini, kakaa vizuri. Sasa kisu cha nini?

"Mkwe wangu, siku hizi nani anamwacha mtoto aje ovyo?"

Ovyo! Eun-sol wangu alikuja usiku wa theluji, alipotaka mwenyewe. Nani alimwandikia miadi? Bwana aliyemfuma tumboni ndiye aliyejua saa. Sikusema hayo. Nilimwekea chai ya shayiri. Sasa najuta ile chai.

Jumatano, 6 Machi

Eun-sol yuko kwangu tangu Jumapili. Mumewe Tae-gyeom analala kule kwenye mabweni ya kiwanda cha meli siku za kazi, na mke mwenye tumbo la mwisho haachwi peke yake kwenye ghorofa ya kumi na mbili. Nashukuru. Nyumba inanukia mtu.

Anataka kuzaa kawaida. Kalisema hili tangu mimba changa, bila mimi kumwambia. Anapanda ngazi, haingii kwenye lifti. Anachuchumaa na kuinuka, mikono ukutani, anahesabu na Bami — hilo ndilo jina la tumboni, maana picha ya kwanza mtoto alionekana kama punje ya karanga mwitu, ile tunayoiita bam. Mimi nimemwongezea dawa ya mama yangu: kitambaa kibichi, magoti chini, futa sakafu chumba hadi chumba. Tumbo linaning'inia, mtoto anapata njia. Sisi sote tulizaliwa hivyo, sakafu zikimetameta.

Basi Mama Tae-gyeom kaingia bila kupiga simu, kamkuta mkwe wake kwa magoti na mikono, kitambaa kinatiririka. Karibu adondoshe peari. Alileta peari nne, zote za mviringo kamili, maana mjamzito asile tunda lililopinda. Akaninong'oneza jikoni — kumbe nimemgeuza mkwewe mtumishi? Asinyanyue mikono, asipande ngazi, alale kwa upande, asikilize muziki wa taratibu, angoje ile Jumanne.

Nikamwambia mjamzito si mtungi wa kabichi ya kimchi, aachwe kimya pembeni aive.

Akasema kimchi ikitikiswa inafura na kumwagika.

Huyu mwanamke ana jibu kwa kila kitu. Eun-sol alicheka mpaka akaketi kwenye maji.

Alhamisi, 7 Machi

Kliniki. Msichana wa mapokezi hakuuliza hali. Aliuliza, mmeshachagua tarehe? Hivyohivyo, kama anayeuliza mtakula hapa au mnafungasha. Tukasema hatuchagui. Akagusa kompyuta yake, akasema mbona mmeshachagua. Jina la Eun-sol liko tarehe kumi na tisa asubuhi. Kaliweka mume!

Daktari hana neno. Mwanamke wa makamo, mchovu, mikono yake ya joto. Kasema mama mzima, mtoto mzima, njia ipo, aendelee kutembea. Kuhusu tarehe, akasema familia ielewane, asubuhi ile nafasi zote zimejaa. Zimejaa! Maana yake mjini hapa kuna akina mama wengine wanaopasuliwa saa ileile, ili majaji wote wazaliwe pamoja. Watamhukumu nani?

Kwenye basi Eun-sol kaegemeza paji la uso kwenye kioo. Mimi nilisema kwa niaba yake. Basi zima walisikia. Bibi mmoja wa kiti cha mbele aligeuka akasema naye binti yake alipewa saa ya nguruwe, usiku, daktari akakataa. Sikuulizwa kama nataka kujua.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani nilitegemea kufarijiwa. Baada ya ibada, tukiwa tunaosha vyombo, nimemweleza mke wa mzee wetu wa kanisa, yule anayeongoza maombi ya wanawake na kulia kuliko wote. Akanisikiliza. Akaendelea kusugua sufuria. Kisha akasema, dada, ile si ramli. Ile ni hesabu tu, watu wameweka kumbukumbu miaka elfu. Na mjukuu wake yule wa kwanza, anayesomea sheria mjini Seoul —

Sikungoja mwisho. Nimeacha glavu za mpira kwenye sinki. Nyumba ya Bwana!

Mchana Tae-gyeom kaja kumwona mkewe. Kijana mpole, mikono imejaa makovu ya moto wa kuchomelea. Nikangoja Eun-sol alale, nikamkalisha. Nikamuuliza, mwanangu, wewe ulipoandika jina la mke wako kwenye orodha ya kisu, ulimuuliza? Akawa anamenya peari ya mama yake. Ganda likatoka refu, halikukatika.

"Mama, baba yangu alizaliwa saa mbaya. Ndivyo walivyomwambia mama baada ya mazishi. Nilikuwa darasa la pili. Tangu hapo hana anachokiogopa zaidi ya saa."

Nilijua mumewe alianguka kwenye jukwaa la meli. Hilo la saa sikulijua. Nimekula kipande cha peari. Kisha hasira ikarudi, maana mjane akiogopa saa, ndiyo mwanangu apasuliwe? Mimi pia ni mjane. Mbona sijampasua mtu?

Nimemwambia Tae-gyeom afute lile jina. Kasema atazungumza na mama yake. Anazungumza na mama yake kama anayeingia kwenye maji ya Januari, kidole kimoja kimoja.

Jumanne, 12 Machi

Leo nilitaka iwe siku ya furaha. Nimekwenda kununua mwani wa uzazi, wa supu ya mzazi. Nimeuchagua ule wa kisiwa cha Jindo, wa mawimbi makali, mpana, mrefu kama mtu aliyelala. Sikupunguziwa bei na sikuomba — mwani wa mzazi haubishaniwi, mtu ukibana bei unambania mtoto umri. Muuzaji kaufunga kwa kamba ya majani ya mpunga. Aliniuliza kwa adabu, haukunjwi, sivyo? Nikamwambia unamuuliza nani.

Mwani ukikunjwa, uzazi unakwama. Kila mtu anajua. Nimesimama nao kwenye basi njia nzima, umesimama wima kando yangu. Dereva akasema shangazi, huyo mwenzako naye alipe nauli.

Eun-sol kafungua mlango, kaniona, kacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Mama. Na hii je? Hii si ramli?"

Nikamwambia hii ni desturi. Hii ni heshima.

Akasema mama mkwe naye anasema hivyohivyo.

Ningenyamaza hapo, yangeisha. Lakini akaendelea, tena kwa upole, jambo linaloonyesha alikuwa nalo siku nyingi. Anataka kuzaa kawaida, ndiyo. Anataka kutembea mpaka dakika ya mwisho. Ila uchungu ukizidi ataomba sindano ya mgongoni, ya ganzi. Ameshamwambia daktari.

Sindano! Nikasema mengi. Kwamba mimi niliuma taulo. Kwamba mtu hupendi kwa dhati usichokililia. Kwamba nimemwombea kila alfajiri azae kwa nguvu zake, na wanawake wote wa sala wanajua, na nitawaambia nini. Hili la mwisho lilinitoka tu.

Alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Hakupaza sauti.

"Watu wawili wanazaa kwa tumbo langu. Hakuna hata mmoja ambaye ni mimi."

Kaingia chumbani. Mwani nimeulaza juu ya kabati, umetokeza huku na huku.

Bado nimekasirika. Nani alimfundisha kusema hivyo? Mimi nilimlipia shule kwa kukunja pindo za suruali za watu.

Alhamisi, 14 Machi

Hatusemezani sana. Chakula anakula. Leo kaenda kupanda mlima Yudal peke yake. Nimemfuata nyuma kwa mbali na mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua. Kwenye mapumziko ya pili kaketi kwenye benchi, akasogea pembeni, akaacha nafasi. Hakugeuka. Nimeketi.

Tae-gyeom kapiga simu: jina limefutwa. Mama yake hajala tangu jana.

Jumamosi, 16 Machi. Kliniki, benchi la ukumbini

Naandika ili mikono ipate kazi.

Nimerudi kutoka sala ya alfajiri, nikamkuta Eun-sol jikoni kwa magoti. Nikadhani anafuta sakafu. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyeilowesha — chupa imepasuka. Katulia. Kasema mama, kwanza nimalizie kufuta. Nikampokonya kile kitambaa!

Teksi ndogo. Mvua kubwa. Mwani hauingii. Nimeujaribu kwa mlango, kwa nyuma, kwa mshazari. Dereva anasema shangazi, tuende. Eun-sol anapumua, kashika kiti. Nifungue dirisha mvua iuloweshe? Niuache nyumbani, mzazi akose mwani wake? Nimeukunja.

Ulivunjika. Nilisikia. Hata dereva alisikia, alinitazama kwenye kioo.

Ni mwani tu. Bwana ndiye afunguaye. Nimejiambia hivyo njia nzima na jasho linanitoka mgongoni.

Hapa Eun-sol kakataa kulala kitandani. Anatembea, anashika ukuta, anachuchumaa, anainuka. Muuguzi kasema anakwenda vizuri. Kisha mambo yakasimama. Njia imefunguka nusu na haiongezeki. Muuguzi kasema hutokea, tungoje. Mimi najua kwa nini. Sijamwambia mtu.

Mama Tae-gyeom kafika kabla ya mwanawe, ambaye yuko njiani kutoka kiwandani. Nywele hazijachanwa. Lile koti kalifunga vifungo kombo. Mkononi ana mwani wake — mrefu, mzima, umefungwa kamba ya mpunga. Katembea nao kwenye mvua, kaufunika kwa plastiki, yeye mwenyewe kalowa. Na ameshampigia mpiga ramli wake! Leo si siku mbaya, kaambiwa, ila mtoto asitoke kabla ya saa tatu na nusu. Akaingia kumwomba Eun-sol ajizuie kidogo. Ajizuie! Nikamwambia mkwe wangu, huyu hazuii chafya. Akamgeukia muuguzi. Nami nikamgeukia muuguzi, nikasema asipewe sindano bado, ana nguvu, aendelee kutembea.

Eun-sol alikuwa amening'inia kwenye reli ya kitanda. Kanyanyua uso, umelowa.

"Mama zangu, tokeni. Dada, naomba sindano."

Tumetolewa. Mimi na yule wa ramli, kwa pamoja, kama watoto waliopiga kelele ibadani.

Benchi ni fupi. Kauona mwani wangu kwenye mfuko, umekunjika mara mbili. Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari kabisa, jibu liko mdomoni. Hakusema. Kaufungua wake kwenye plastiki, kaulaza ule mzima juu ya magoti yangu. Umenizidi, nusu yake imebaki kwake.

Kasema, "Apikiwe huu. Huo wako tutakula sisi."

Sijamshukuru. Namwambia Bwana hapa kwamba bado sijamshukuru.

Yeye kafumba macho. Midomo yake inacheza, sijui anamwomba nani. Mimi ndiye ninayetazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo. Zimebaki dakika — na mimi zinanihusu nini! Nimegeuza kichwa. Nimeirudia tena.

Mlango umefunguka. Muuguzi kasema mzazi anamtaka mama, aingie mmoja. Mmoja yupi? Mimi ndiye mama! Lakini mwani uko magotini petu sote wawili, na nikiinuka ghafla utakunjika, na huyu bado kafumba macho —