Baba Kalisti Hakubebwa

Baba, mwaka umetimia tangu tukulaze kihambani, kati ya migomba uliyoipanda kwa mkono wako. Mama anasema hujawahi kutulia mahali pamoja muda mrefu hivi.

Uliwapandisha wageni mlimani miaka ishirini na miwili. Hukula kabla wapagazi hawajashiba. Mgeni aliyezidiwa ulimteremsha mwenyewe, mgongoni. Mmoja wao, mzee wa Kibelgiji, hakukusahau. Mwaka 2000 aliwalipia wewe na Mama safari ya Afrika Kusini, siku tano za kuzungushwa mashamba ya zabibu mkionjeshwa mvinyo. Kiongozi wa wageni naye akaongozwa! Mama alikucheka mpaka uwanja wa ndege.

Huko dada aliyewaongoza akawaonyesha: unasukutua mdomo kwa mvinyo, unatema kwenye ndoo. Wageni wote wakatema. Wewe ukameza.

“Baba Herbert, tema! Wenzako wanatema,” Mama alikunong’oneza.

“Mwenye pombe amesimama hapo ananitazama, nimtemee? Nimwambie ameniwekea sumu?”

“Kwani umekuja kuonja au kumaliza?”

Kwetu pombe ya mtu haitemwi mbele yake, na Mama alilijua hilo. Ukameza mashamba manne. Jioni ulitembea kwa miguu yako mpaka kwenye basi, macho mekundu, umemshikia Mama mkoba, ukimsalimia kila uliyekutana naye. Basi, hayo tu.

Lakini Mama alirudi na hadithi nyingine. Akina mama wa jumuiya walitaka kujua mambo ya huko, naye, apendaye watu wacheke, akatia chumvi: eti ulibebwa na wanaume wawili, ukalala chini ya kiti. Walicheka wakishika mbavu. Jirani yetu Justina akaipeleka sokoni, wanaume wakaipeleka kilabuni. Msimu wa wageni ulipofika, kampuni haikukuita. “Mlevi hatumkabidhi roho za watu,” walisema.

Ulirudi nyumbani ukasimama mlangoni.

“Mama Herbert, umewaambia nini watu?”

“Si utani tu, jamani?”

“Utani wako umefika geti la mlima kabla yangu.”

Tulikusihi ukajieleze. Ukakataa. “Nikisema si kweli, nitakuwa nimemwita mke wangu mwongo.” Mama alikusikia akiwa jikoni. Hakutoka.

Ukaenda kupakia magunia mpakani Holili, na miaka yako hamsini na saba. Huko ndiko kifua kilikokushika. Hata kwenye mazishi alikuwepo aliyenong’ona kwamba ni pombe.

Mama aliyekuwa hamwachi mtu bila kumtania, siku hizi akianza utani hunyamaza katikati. Juzi alituita sote akasema, “Andikeni gazetini, kila mtu asome. Hakubebwa. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema uongo.”

Tumeandika, Baba. Tumechelewa.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi saa nne asubuhi, kigangoni kwetu Marangu, kisha nyumbani. Waliocheka nao waje.

Unakumbukwa na mkeo Digna. Wanao Herbert, Beatha na Basili. Dada yako Zita wa Rau. Wakwe na wajukuu. Hatutakusahau, Baba, wala hatutanyamaza tena jina lako likitajwa vibaya.