Breki za Mzee Nkwabi na Mkono wa Mjomba

Bariadi

Mayu,

Mwadila. Mimi mwanao Mabula nipo, nakula, nalala, mbavu zinauma kidogo nikicheka ila kwa sasa sicheki sana. Nauliza miguu yako, kama bado inavimba mvua zikianza. Nauliza ng'ombe, kama huko Katavi wamepata majani au bado mnahamahama. Minza, wewe unayemsomea, soma polepole na usiruke pabaya. Mayu si mtoto.

Nimeandika kwa sababu simu haikufaa. Kaka Masunga aliposikia mjomba Shija kapigwa, alifoka tu, akasema anapanda basi anakuja kumuua Kulwa, akakata. Na mimi unanijua, kwenye simu maneno yananikauka. Sasa nasema hivi: Masunga asipande basi kabla hujasikia barua hii yote.

Kulwa ni mtoto wa Mzee Nkwabi, yule mnunuzi wa pamba. Mzee alipata gari ya zamani kule Mwanza, gari ya michezo, milango miwili, bapa kama kobe. Injini yake inanguruma mpaka kuku wanakimbia. Lakini breki hamna. Akaileta gereji kwa mjomba, akasema anataka breki nzuri, ila hela ni kidogo, mjomba achague.

Mjomba akalala chini ya gari, akatoka, akamwambia kama hela ni kidogo tuanze na vitu visivyoonekana. Mipira inayopeleka oili kwenye matairi imezeeka, tubadili yote. Masta, ile pampu inayosukuma oili ukikanyaga, tuifungue tuweke raba mpya. Oili mpya, pedi mpya. Diski kubwa zingoje. Mzee akacheka. Akasema nani atampigia makofi kwa mipira iliyojificha chini. Yeye anataka diski kubwa, zionekane kwenye ringi akipita sokoni. Kulwa akaenda Mwanza, akarudi na diski za gari iliyopata ajali, zinang'aa, hela yote ikaishia hapo.

Mjomba akafunga, kwa sababu ndiyo kazi. Lakini masta ilikuwa ndogo kwa zile breki kubwa. Ukikanyaga, mguu unazama, mpaka upige mara ya pili ndo inashika. Mjomba akasema gari isitoke hapa mpaka mipira na masta vipatikane. Akamwambia Mzee, akamwambia na Kulwa, mimi nikiwa nimeshika spana.

Siku ya mnada Kulwa akaja na wenzake, amewaahidi wataiona ikikimbia. Mjomba akasimama mbele ya boneti. Kulwa akampiga kofi, Mayu. Mtu wa rika la baba yake. Kofia ikaanguka kwenye oili, wale wenzake wakacheka. Mimi nilisimama pale kama kigingi. Mjomba hakurudisha. Akafungua mlango wa pili, akakaa, akashika handibreki, akasema kama huyu anakwenda kufa basi kuna mtu wa kumvuta. Nikajikunja nyuma yao, mahali hata mbuzi hatoshi.

Tulishika barabara ya Lamadi. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni ng'ombe wa mnada walikuwa wanavuka, kundi zima, na wachungaji na fimbo zao. Kulwa akakanyaga, mguu ukazama. Akakanyaga tena, ikashika upande mmoja tu, gari ikageuka, halafu mpira wa upande wa pili ukapasuka. Nilisikia mlio wake, mdogo tu. Mjomba akavuta handibreki mpaka mwisho, nyuma ikateleza, tukaingia kwenye ng'ombe kwa ubavu. Dume likaja juu ya boneti. Pembe ikapita kioo ikamchana Kulwa shavu mpaka meno nikayaona. Ng'ombe chini walikuwa wanalia, mmoja anajaribu kusimama kwa miguu isiyokuwepo tena.

Wachungaji hawakuuliza. Walimtoa Kulwa kwa nywele, fimbo zikashuka. Ndipo akapiga kelele, kwa Kisukuma, wote wakasikia, kwamba huyu fundi ndiye kaharibu breki makusudi ili Mzee Nkwabi afe.

Wakamwachia. Wakaja kwa mjomba.

Sitaandika yote. Walimpiga kichwani, mgongoni, walipochoka waliokuja wapya wakapokea. Mmoja akasema ni mkono ndiyo ulioharibu breki. Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya boneti, wakaupiga kwa jiwe. Mjomba hakupiga kelele, alitoa sauti tu kama mtu anayebeba gunia. Mwingine akawa ameshafungua tenki anatafuta chupa ya petroli, wamchome.

Mimi nilipita kwenye kioo cha nyuma, nikatambaa mpaka kwenye shamba la pamba kando ya barabara. Nilikuwa salama pale. Nikaona chupa inajaa. Mayu, unajua hata kanisani sijawahi kuimba kwa sauti. Nikasimama katikati ya pamba nikapiga mwano, lile yowe la kuita sungusungu. Nikapiga mpaka koo likapasuka. Ukajibiwa na mji wa kwanza, ukajibiwa na mji wa pili, watu wakaanza kushuka kutoka kila upande na marungu, na kamanda wa sungusungu mbele yao. Wale wa fimbo wakasimama, maana mwano ukishapigwa, aliyeupiga anasikilizwa kwanza, hata kama mnaye mwizi mkononi.

Kamanda akauliza, "Nani kapiga?"

Nikasema ni mimi.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Huyo mnayemuua ni mjomba wangu."

"Haya sema, na usizunguke."

Nikasema, "Mjomba alikataza gari isitoke. Huyu alimpiga kofi akaiondoa. Muulizeni mbele ya ng'ombe hawa."

Kamanda akamgeukia Kulwa, akamuuliza mara moja tu. Kulwa aliangalia ng'ombe, akaangalia chini, damu inamtiririka kidevuni. Ikatosha. Watu wote wakamgeukia yeye, na chupa ikahamia kwake, na mimi nilifurahi, Mayu. Nilitaka awake.

Mjomba ndiye aliyesema. Alikuwa chini, uso wote damu, akatema jino kwanza.

"Muacheni huyo. Mkimchoma, kazi yangu atafanya nani?"

Mzee mmoja akacheka, mwingine naye akacheka, na marungu yakashuka. Ndivyo Kulwa alivyopona.

Hospitali walisema vidole vitatu havitarudi kama zamani, mkono utakaa kwenye plasta muda mrefu. Mzee Nkwabi alilipa ng'ombe kwa ng'ombe. Wazee wakakaa na sungusungu, wakaamua Kulwa awe mkono wa kulia wa mjomba mpaka ule wa kwake ushike spana. Anakuja asubuhi, shavu limeshonwa kama gunia la pamba, anafungua nati anazoambiwa. Mjomba amekaa kwenye tairi anamtukana. Jana alimuuliza, "Mwanangu, wewe ulinyonya maziwa au oili chafu?" Kulwa anainama, anakaza.

Nisikufiche. Akilala chini ya gari, na gari iko kwenye jeki, shingo yake naiona, na mkono wangu unaniwasha. Kwa hiyo Masunga asidhani yeye peke yake ndiye mwenye hasira. Naweka magogo chini ya gari, nasogea pembeni, nanawa uso.

Gari ndiyo hiyo hiyo. Sasa Mzee kasema mjomba achague na yeye anyamaze. Amechagua mipira mipya yote, na masta kubwa iliyotoka kwenye gari ile ile ya diski, ili viendane. Nyuma zinabaki dramu zake za zamani, viatu vyake vya breki tu tumebandika upya. Busta ya kusaidia kukanyaga hakuna, hela haifiki, mguu wa dereva utafanya kazi. Vyote vinafungwa na Kulwa, na mjomba bila yeye hawezi hata kuvaa suruali.

Basi Mayu, fimbo ya Masunga ichukue uilalie. Mwambie watu watasema tumeogopa, na waseme.

Msalimie baba mdogo anayechunga upande wa mto. Msalimie shangazi wa mpunga, na mke wa Masunga, na mtoto mpya ambaye sijamwona. Minza, wabeja kwa kusoma, sasa kunywa maji.

Mjomba yuko hapa ananisikiliza nikisoma, anataka neno lake liingie. Anasema mwambie Masunga hivi: "Mkono mmoja wameshauvunja. Akimgusa Kulwa, atakuwa kanivunja wa pili."

Ni mimi mwanao,
Mabula