Mawese Yaliyonyamaza Motoni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Bangwe tuko salama. Mjomba wako amerudi kutoka Mwamgongo na dagaa, nimekuwekea.

Unauliza kama ukate rufaa, kwa kuwa mwalimu wa historia chuoni amekufelisha insha yako ya Ujiji, eti haina ushahidi.

Nilipokuwa nimeolewa karibuni, mnunuzi mmoja alikataa madumu yangu mawili ya mawese sokoni. Alisema yana maji. Nilirudi nyumbani nikifoka kwamba ananionea. Mama mkwe aliniacha nimalize, kisha akauliza, “Wewe mwenyewe umeyaweka motoni?”

Sikuwa nimeyaweka. Nikachota kidogo katika kila dumu, nikachemsha kwenye kikaango. Ya dumu la kwanza yalitatarika mpaka yakanirukia mkononi, maana mafuta yenye maji hayajifichi motoni. Ya dumu la pili yalinyamaza kimya. Kesho yake nilirudi na hilo la pili tu, nikamwambia yule bwana ayachemshe mbele ya watu. Akachemsha, akanunua.

Kwa hiyo rufaa kata, ila kwanza isome insha yako kama imeandikwa na mtu usiyempenda. Panapotatarika, usipatetee. Palipotulia, mwombe mwalimu apasome tena, nawe ukiwepo.

Na kama panapotatarika ni pale ulipoandika “bibi yangu alisema”, usinionee haya. Hata mimi nilisimuliwa tu.

Bibi yako,
Kezia