Hekalu Nililokwenda Kukutazamia

Baba yangu,

Ulinituma nikatazame hekalu, na mpaka leo sijakuletea jibu. Nakuandikia nikiwa ofisini, Al Amerat, na mbele yangu pana ramani za nyumba tatu zinazongoja muhuri. Zingoje kidogo.

Tulikwenda Madurai kwa ajili ya moyo wako, kama jamaa zetu wengi wa Maskati wanavyokwenda India kutibiwa. Siku zote za kungojea upasuaji ulikaa dirishani ukitazama minara ya hekalu juu ya mapaa. Ulikuwa mwashi, na mwashi hapumziki. Minara ilikuwa na masanamu kwa mamia, ya kijani, ya waridi na ya buluu, yamepandana mpaka kileleni, nawe ukataka kujua jambo moja tu: yanashikiliwa na nini?

"Nenda ukanitazamie, mwanangu," ulisema. "Mie toka hapa nnaona rangi tu."

Nikasema sitaki kukuacha peke yako. Ukanicheka.

"Wanilinda, kwani nnakwenda wapi?"

Muuguzi wa asubuhi, yule mama wa Kihindu uliyekuwa ukizungumza naye Kihindi chako cha dukani, ndiye aliyetupa hadithi ya hekalu. Mfalme hakuwa na mtoto. Akaomba, na katika moto wa ibada akatoka msichana mwenye matiti matatu. Sauti ikasema la tatu litatoweka siku atakapomwona mumewe. Msichana akakua, akatawala, akashinda kila jeshi mpaka akafika milima ya kaskazini, akasimama mbele ya Shiva mwenyewe. Titi likatoweka palepale, na yeye, aliyekuwa haogopi mtu, akainamisha macho. Jina lake ni Minakshi, mwenye macho ya samaki. Samaki hafumbi macho, alisema muuguzi, kwa hiyo anawatazama watu wake wakati wote.

Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Haya. Na msingi je?"

Basi msingi ni huu. Chini ni mawe matupu, mazito, yamekatwa na kupangwa. Juu ni matofali, na masanamu ni chokaa iliyofinyangwa juu ya matofali, ndiyo maana hayaelemei. Kila baada ya miaka kadhaa husimamishwa majukwaa, kila sanamu hutengenezwa na kupakwa rangi upya, kisha hekalu zima hufanyiwa ibada kana kwamba limejengwa leo. Ungelipenda hilo, wewe uliyekuwa ukigombana na wenye nyumba wasiotaka kusikia habari ya matengenezo.

Jingine: minara mirefu iko nje, malangoni. Kadiri unavyoingia ndani majengo hushuka, na patakatifu penyewe ni padogo, chini ya paa la dhahabu. Sikufika huko. Asiye Mhindu huishia penye kibao kinachomkataza kupita. Nilikwenda kwenye ukumbi wa nguzo elfu, ingawa mlinzi alikiri kwamba hazitimii. Popote unaposimama, nguzo zimejipanga mstari mnyoofu. Nilizipima kwa hatua, nikarudia, nikajaribu kutoka pembe nyingine. Nilifurahi sana, Baba. Nilifurahi mpaka nikakusahau.

Simu haziruhusiwi ndani. Yangu niliiacha langoni pamoja na viatu. Nilipoichukua, hospitali ilikuwa imeshanipigia mara tano.

Muuguzi yule ndiye aliyekuwa nawe. Aliniambia alikushika mkono mpaka mwisho, na kwamba midomo yako ilikuwa ikicheza, lakini maneno hakuyajua.

Tulipokurudisha nyumbani, wanawake walijaa msibani, na swali likawa moja. "Ulikuwa naye? Katamka shahada?" Mama alikuwa ananitazama. Nikasema ndiyo, nilimshika mkono, katamka. Nilisema mara moja tu. Mara nyingine zote amesema Mama mwenyewe, miaka miwili, kwa kila mgeni, mpaka kwa watu wa mbali, wa Quriyat.

Mwezi uliopita, akijitayarisha kwa upasuaji wake wa goti, aliniambia, "Siku yangu ikifika unshike mkono kama ulivyomshika baba yako."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia yote, tangu langoni. Alikuwa anamimina kahawa, na hakumwaga hata tone.

"Basi nani alokuwa naye?"

Nikamwambia.

"Kamshika mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Mama."

"Na midomo ikicheza?"

"Ikicheza."

Akaitaka nambari ya muuguzi. Walizungumza Kihindi, Mama akitumia maneno aliyoyaokota kwenye filamu, na nilimsikia akimwambia, "Dada yangu." Mimi hakunigombeza, na ningelipenda anigombeze.

Ijumaa iliyopita walikuja wageni kutoka Bustan. Mmoja akauliza habari za mauti yako, na Mama akajibu kwa utulivu: "Kafa mkononi mwa muuguzi wa Kihindi, mwanamke mwema, Mungu amlipe. Midomo ikicheza. Alichokuwa akisema anakijua Mwenyezi Mungu."

Mimi nilikuwa mle chumbani, nikipitisha tende. Jina langu halikutajwa. Imeniuma, Baba, na nimestahili.

Mungu akurehemu.

Binti yako, ambaye hakuwepo